Zizini na Shangazi: Bata mzinga wanaisha, kuku wako fiti

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi na nimezisoma zote, hata zile ndefu za sauti. Kuna kitu nimekiona karibu kwenye kila moja: mtu ana kuku, ana mbuzi, ana ng'ombe, labda na nguruwe wawili, wote wanazunguka uwanja mmoja, likitokea tatizo anamwangalia yule anayeumwa tu. Haangalii nani analala naye banda moja, anakula chombo cha nani, amepita kwenye kinyesi cha nani. Sasa leo nimechagua zile ambazo jibu lake liko kwa mnyama wa pembeni, maana naona watu wanapoteza mifugo na hela ya dawa kwa kutazama upande mmoja.

Shikamoo shangazi. Nipo Mkuranga nafuga kuku wa kienyeji kama hamsini hivi, mwaka huu nikasema niongeze bata mzinga maana sikukuu wanauzika bei nzuri. Nikanunua vifaranga kumi na mbili wakakua vizuri tu, walipofika kama miezi miwili na nusu wakaanza kujikunyata mmoja mmoja, mabawa yanashuka, hawali, kinyesi kinakuwa cha njano kabisa, siku tatu nne amekufa. Wamebaki watano. Kuku wala hawana habari wanadunda tu. Jirani anasema kideri, nimewapa dawa ya kideri mara mbili haisaidii. Hii ni nini?
Mama Mapacha, Mkuranga

Marahaba mwanangu, pole sana, najua vifaranga vya bata mzinga si vya bei ndogo.

Kwanza tuondoe hilo la kideri. Kideri, au mdondo kama wengine mnavyouita, kikiingia uwanjani na kuku hawajachanjwa kinafagia hao kuku kwanza, unaona shingo zinapinda, kuhara kijani, wanahema kwa shida, asubuhi unaokota mizoga. Kwako kuku wanadunda. Alafu kideri hakina dawa, hiyo uliyouziwa sijui ni nini ila kideri haitibu. Kina chanjo tu, ile ya I-2 ya tone moja kwenye jicho, unarudia kila miezi 3, na inatengenezwa hapo hapo mkoani kwenu Kibaha kwa hiyo usikose. Wachanje wakiwa wazima, ukichanja kuku ambaye ameshaanza kuumwa umechelewa.

Sasa hao bata. Kinyesi cha njano, mabawa chini, umri huo, na wamekulia uwanja wa kuku: mimi hapo nashuku sana histomoniasi. Ni kijidudu kidogo hakionekani kwa macho, na kinachouma zaidi ni kwamba wanaokibeba ni kuku wenyewe. Kuku ana minyoo midogo kwenye utumbo kipofu, kile kijidudu kinajificha ndani ya mayai ya hiyo minyoo, mayai yanatoka na kinyesi yanaingia kwenye udongo. Kuku mwenyewe mara nyingi haumwi au anaumwa kidogo anapona. Bata mzinga akidonoa hapo, au akila nyungunyungu aliyemeza yale mayai, kijidudu kinashambulia utumbo na ini mpaka anakufa. Ukimpasua utakuta ini lina mabaka ya duara. Kwa hiyo kuku kuwa fiti haimaanishi uwanja ni msafi.

Usinichukulie mimi kama maabara lakini. Akifa mwingine mfunge kwenye mfuko, umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo kabla hajaharibika, na nyie wa Mkuranga maabara ya mifugo ya Temeke haiko mbali. Dawa ya hao wanaoumwa aamue yeye, maana za kweli za huu ugonjwa ni chache na nyingine haziruhusiwi kwa mnyama wa kuliwa.

Ila kuna la kufanya leo bila kungoja mtu. Hao watano watoe pale. Watengenezee chanja, sakafu ya mbao au wavu imeinuka toka chini ili kinyesi kidondoke wasikidonoe, na vyombo vyao vya chakula na maji viwe vyao peke yao. Ukitoka kwa kuku usiingie kwao na ndala zile zile. Kuku wote wape dawa ya minyoo, na uwe unarudia kila baada ya miezi mitatu. Na usirudishe bata kwenye ule udongo kwa sababu eti umefagia, yale mayai yanakaa ardhini miaka. Kama eneo lako ni dogo kiasi kwamba huwezi kuwatenga kabisa, mimi ningekushauri uchague mmoja, kuku au bata mzinga, na kwa hapo ulipo ningebaki na kuku.

Habari shangazi. Niko Dar kikazi ila nyumbani ni Njombe, mama ana miaka 63, shamba lipo kama ekari mbili na nusu. Nimevunja kikoba nimepata hela nataka nimuanzishie mama mradi kamili, ng'ombe wa maziwa wawili, mbuzi wa maziwa wanne, kuku saso mia, sungura na nguruwe wawili, vyote kwa mkupuo ili mbolea na vyakula vizungukane. Nianze kujenga banda lipi?
Kijana wa Mama, Dar

Nzuri mwanangu. Nia yako nimeipenda na nitakujibu kama ningemjibu mwanangu wa kumzaa: usijenge banda lolote kwanza. Panda majani.

Tupige hesabu pamoja. Ng'ombe mmoja wa maziwa wa kilo 400 anakula kama kilo 50 za majani mabichi kwa siku, akiwa anakamuliwa vizuri zaidi ya hapo. Wawili ni kilo 100. Mzigo wa kichwani anaoweza kubeba mwanamke mzima mwenye nguvu ni kilo 20 au 25, kwa hiyo ni mizigo minne mpaka mitano kila siku ya Mungu, Jumapili, Krismasi, siku ya msiba, siku mama mwenyewe anaumwa mgongo. Maji, ng'ombe mmoja si chini ya ndoo 3 za lita 20, na akiwa na maziwa mengi zinaongezeka maana kila lita ya maziwa inataka lita 3 au 4 za maji juu. Hapo hatujagusa mbuzi, hatujasafisha banda la nguruwe, hatujakamua alfajiri na jioni, na Njombe ya mwezi wa sita na wa saba baridi yake unaijua.

Nani anaamka? Hilo ndilo swali la kwanza la mradi wowote wa mifugo na kwenye barua yako halipo. Wewe uko Dar, utatuma hela ya pumba kwa simu, sawa, lakini hela haikati majani. Kama kuna kijana wa kumsaidia awepo kabla ng'ombe hajaja, na mshahara wake uwe kwenye bajeti, usimwachie mama amtafute. Na mama yako atakubali kila utakachomletea, maana wewe ndiye mwanae na hatataka kukuvunja moyo. Kwa hiyo usimuulize kama anataka ng'ombe. Muulize siku yake inaendaje toka anaamka mpaka analala, msikilize mpaka amalize.

Mimi ningeenda hivi. Mvua za kwanza panda matete, yale majani ya tembo, karibu ekari nzima kwa ajili ya ng'ombe mmoja, miche mita moja kwa nusu mita, katikati tupia desmodiamu, malisho ya jamii ya kunde, kwenye mipaka miti ya malisho kama kaliandra au lukina kama inakubali kwenu. Matete yanataka miezi 3 au 4 mpaka kukatwa mara ya kwanza, baadae unakata kila wiki 6 mpaka 8 yakiwa hayajakomaa, ukiyaacha yawe miti ng'ombe atakula ila maziwa hutayaona. Wakati yanakua mletee mama kuku, sio mia, ishirini au thelathini, umuone anavyoenda nao na chanjo zao. Wakiwa sawa leta mbuzi wa maziwa wawili. Mbuzi anakula kilo 5 mpaka 7 za majani mabichi, mama anamudu hata akiwa peke yake, na anampa lita moja au mbili za kunywa nyumbani. Kule Mgeta, Morogoro milimani, watu wamefuga mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway tangu miaka ya 1980 kwenye vishamba vya mteremko ambako ng'ombe ni shida, na wamama ndio wameshika.

Ng'ombe aje mwaka wa pili, mmoja, mtamba mwenye mimba ambaye umeuliza kwao alichanjwa nini. Mbolea yake ndio irudi kwenye matete na mahindi, hapo ndipo kule kuzungukana unakokusema kunaanza kweli. Nguruwe na sungura waache kwanza, na hela itakayobaki weka tenki la kuvuna maji ya bati. Hilo tenki litamsaidia mama kuliko nguruwe wawili.

Shangazi shikamoo. Sie kwetu Rombo, kihambani, yaani shamba la migomba la nyumbani, kondoo tunawafungia ndani tunawanenepesha kwa ajili ya Desemba watu wakija kuhesabiwa. Mwaka huu majani yalikuwa machache nikawa nawapa chakula cha nguruwe maana nina nguruwe na kile chakula kinanenepesha haraka. Kweli wamependeza miezi miwili. Juzi banda likavuja tukawahamisha usiku na mvua, kesho yake dume kubwa amelala, macho njano, mkojo kama kahawa, jioni kafa. Leo jike nae kaanza hivyo hivyo. Mbuzi na ng'ombe wako salama. Nimerogwa?
Baba Desemba, Rombo

Marahaba baba. Hujarogwa, na tafadhali usigombane na mtu kwa hili. Ni hicho chakula.

Chakula cha nguruwe mara nyingi kinawekwa madini ya shaba ya kutosha maana nguruwe anayavumilia na yanamsaidia kukua. Kondoo hayawezi. Ini la kondoo linapokea shaba kidogo kidogo kila siku na linashindwa kuitoa, linaiweka, linaiweka, na wiki zote hizo mnyama anaonekana mzuri anang'aa, wala huwezi kujua. Siku akipata mshtuko, kama huko kuhamishwa usiku kwenye mvua, ini linaachia shaba yote kwa pamoja kwenye damu, damu inapasuka, ndio unaona macho ya njano na mkojo wa kahawa. Ng'ombe anastahimili zaidi, mbuzi nae zaidi kidogo kuliko kondoo. Ndio maana unaona mmoja anakufa na wenzake wanatafuna tu.

Acha hicho chakula sasa hivi, hata kama kilichobaki ni kiroba kizima. Waliobaki usiwasumbue, usiwakimbize, usiwahamishe tena, maji na majani laini karibu yao. Mwite daktari haraka, zipo dawa za kufunga shaba ila ni za yeye kupima dozi. Na aangalie pia kama kuna kupe, maana babesia nayo inaleta mkojo wa rangi hiyo, asije akatibu kimoja kumbe ni kingine. Aliyekufa zika, na ini lake asile mtu wala mbwa.

Wengine mnaosoma, angalieni na yale mawe ya chumvi. Lililoandikwa la ng'ombe linaweza kuwa na shaba ambayo kondoo haimfai, chukua ambalo limeandikwa kondoo. Kile kinyesi cha banda la kuku wa kisasa ambacho watu wanawapa mifugo nacho kinaweza kubeba shaba ya kwenye chakula cha kuku, kondoo asiguse, na mimi hata ng'ombe simpi.

Kunenepesha kondoo kihambani vitu vipo baba. Majani ya mgomba na kigogo kilichokatwakatwa kwa ajili ya maji yake, majani ya viazi vitamu yaliyonyauka kidogo, maganda ya ndizi, jioni pumba ya mahindi nusu kilo na mashudu ya alizeti mkono mmoja. Atachelewa wiki kadhaa kuliko wa jirani anayelishwa unga wa nguruwe, lakini Desemba atafika.

Nakusalimu binti. Nipo Mvomero, nina ng'ombe saba wa kienyeji na mbuzi ishirini na tatu, wanachunga eneo moja kando ya bonde. Ng'ombe wana afya. Mbuzi wanakonda hasa wenye watoto, wengine wanavimba chini ya taya kama wamejaa maji, usiku wakilala uvimbe unapungua. Nimewapa dawa ya minyoo ya vidonge wakapata nafuu kidogo kisha imerudi. Mbona ng'ombe majani ni yale yale hawadhuriki?
Mzee wa Bonde, Mvomero

Shikamoo mzee wangu. Umeuliza swali ambalo nilitaka mtu aliulize, na umeangalia vizuri maana hata kupungua kwa uvimbe usiku umekuona.

Hiyo ni minyoo ya tumbo inayonyonya damu. Damu ikiisha, maji yanatoka kwenye mishipa yanatuama chini ya taya. Mshike mbuzi umfunue kope la chini: likiwa jekundu ana damu, likiwa jeupe kama karatasi ana hali mbaya. Ng'ombe hawadhuriki kwa sababu minyoo hii ni ya mbuzi na kondoo zaidi, ng'ombe mzima akiila na majani mingi inafia tumboni mwake. Kwa hiyo ng'ombe wako mzee ni wasafishaji wa malisho, ila kwa sasa wanachunga pamoja na mbuzi siku zote kwa hiyo faida hiyo inapotea.

Ligawe bonde vipande hata vitatu kwa alama tu za miti. Mbuzi wakitoka kipande hiki waingie ng'ombe, wakae hapo wiki kadhaa, mbuzi warudi baadae sana. Vimelea vinapenda sehemu ya chini ya jani, na asubuhi kwenye umande ndio vinapanda, kwa hiyo mbuzi wafungulie umande ukishakauka, na wapeleke zaidi upande wa vichaka, mbuzi kiasili anapenda kula juu, jani la mti halina minyoo hiyo. Bondeni kwenye maji maji waachie ng'ombe. Ila huko nako kuna minyoo bapa ya maini ambayo ng'ombe anaipata, hivyo nao muulize daktari dawa yake, ile ya kawaida si lazima iitibu.

Kuhusu vidonge, wengi wanampa mbuzi dozi ya kukadiria kwa macho na mara nyingi inakuwa ndogo, minyoo inayobaki inakuwa sugu. Mpime uzito, hata kwa kamba ya kupimia kifua, na mbuzi dawa nyingi anahitaji dozi kubwa kuliko kondoo wa uzito huo huo, daktari akuandikie. Usiwape wote kila mara, wape wenye kope nyeupe na majike wanaonyonyesha. Na kama dawa hiyo moja umeitumia miaka, badili aina, sio jina la kopo tu, muuzaji akuonyeshe kiambato chake.

Dada za leo, nipo Tukuyu nna nguruwe wanne na kuku na ng'ombe mmoja. Kuna hoteli imekubali kunipa makombo bure kila siku ndoo mbili. Shemeji yangu anasema nikichukua nitakuja kulia. Ni kweli au wivu? Alafu nguruwe nikiwaachia mchana wakatafute wenyewe kuna shida?
Wa Tukuyu

Njema mdogo wangu. Shemeji yako sio wivu, anakupenda.

Makombo ya hoteli yana vipande vya kitimoto ndani, na virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika vinakaa kwenye nyama, hata ile ya kwenye friza miezi na miezi. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza huko Kenya mwaka 1921 na mpaka leo tiba hakuna, na chanjo ya kumchoma nguruwe wako hapo Tukuyu hakuna. Homa kali, masikio na tumbo vinakuwa vyekundu kuelekea zambarau, siku chache wote wamelala. Binadamu haumpati, ila mtaji unaupata. Watu wa Kyela na huko kwenu wazazi watakusimulia ulivyopita.

Ukiona huwezi kuyaacha hayo makombo, basi yachemshe, yachemke kweli kweli nusu saa huku unakoroga, na ndoo ya makombo mabichi isikanyage bandani. Kuni za ndoo mbili kila siku pigia hesabu, huenda ile bure sio bure. Mlangoni weka beseni la dawa ya kukanyagia. Wanunuzi wa nguruwe wanaotembea banda hadi banda wasiingie ndani, mtoe nguruwe nje wamuone. Na siku ukisikia nguruwe wanakufa kijiji cha jirani usikimbilie kuuza wa kwako, mwambie afisa mifugo, maana kuuza huko kwa haraka ndiko kunakosambaza mpaka wilaya ya pili.

Kuwaachia mchana: hapana, hapana kabisa. Nguruwe anayezurura anakula kinyesi cha binadamu, pale penye tegu anapata mayai yake, nyama yake inajaa vile vipele vyeupe kama punje za mchele. Mtu akiila haijaiva anapata tegu, na mwenye tegu ndani ya nyumba akitoka chooni asinawe anawalisha wenzake mayai, yakifika kwenye ubongo wa mtoto yanaleta kifafa. Nyanda za Juu Kusini tatizo hili lipo na limeumiza familia nyingi ambazo zinadhani ni laana. Funga nguruwe, jenga choo chenye mlango, nyama ipikwe mpaka ndani. Kwenye hili siwezi kukulegezea hata kidogo.

Mambo shangazi, niko Kitui hapa Kenya. Punda wangu wa kubeba maji alifungua stoo akala chakula cha vifaranga, karibu nusu gunia. Ametetemeka, anatoa jasho, hataki kutembea. Mbuzi pia alikuwa hapo akala.
Wa Kitui

Poa ndugu yangu, ila hii nimekujibu kwa simu siku ile ile kwa sababu haingoji gazeti. Naiweka hapa kwa ajili ya wengine.

Vyakula vingi vya vifaranga vinawekwa dawa ya kuzuia kuhara damu, na baadhi ya dawa hizo, kama monensini na salinomisini, kwa punda na farasi ni sumu ya moyo, hata kiasi kidogo. Hakuna dawa ya kuiondoa. Asitembezwe, asibebeshwe kitu, daktari aje alipo. Na hata akipona asirudishwe kazini mpaka moyo wake usikilizwe, anaweza kuanguka na mitungi baadae. Mbuzi yeye hatari yake kubwa ni nafaka yenyewe kuchacha tumboni: mwondolee kila kitu cha unga, mpe majani makavu, mbuzi mkubwa anyweshwe magadi ya kuokea (baking soda) vijiko 2 vya chakula kwenye nusu lita ya maji, taratibu, kichwa kisiinuliwe juu, na kama amelala hana nguvu ya kumeza usimnyweshe chochote. Stoo yenye punda uwanjani ifungwe kwa kufuli, kitasa cha kamba anakifungua.

Shangazi ng'ombe wetu alichomwa sindano ya kiwele juzi, sasa maziwa yamekuwa mazuri hayana mabonge. Mume wangu anasema tuuze, mimi naogopa. Tuna wateja wenye watoto wadogo. Tukimpa ndama je? – Iringa

Umeogopa vizuri mama. Mabonge kuisha maana yake dawa inafanya kazi, sio kwamba dawa imeisha kwenye maziwa. Kila sindano ina siku zake za kusubiri zimeandikwa kwenye chupa, na zinahesabiwa kuanzia sindano ya mwisho, sio ya kwanza. Hata chuchu moja tu ikiwa imetiwa dawa, maziwa ya chuchu zote nne hayauzwi. Na usiyachanganye na ya ng'ombe mwingine ili yapungue makali. Mteja wa mtindi atakugundua hata asipopima, maana maziwa yenye dawa mara nyingi yanagoma kuganda.

Ndama usimpe, wala nguruwe. Chimba shimo mbali na kisima umwage. Endeleeni kukamua mara mbili kama kawaida, huyo ng'ombe mkamue wa mwisho, na nawa mikono kabla hujamgusa mwingine. Mpigie daktari leo akutajie jina la dawa na siku zake, uandike tarehe ukutani bandani pale mume wako atakapoiona kila anapoingia kukamua, na wateja wenye watoto waambie ukweli kwamba ng'ombe yuko kwenye dawa, maziwa yatarudi tarehe hiyo.